Petro Mkuu wa Urusi, mfalme mwenye alishika nyundo

Leo tunaleta maisha ya mfalme mmoja wa Urusi, mwenye alikufa inapita sasa miaka 300. Kwenye vitabu vya shule wanamwita Pierre le Grand. Sisi tutasema Petro Mkuu. Wakubwa wengi wa dunia wanapenda kumtaja, ju ya alishika inchi yenye ilibaki nyuma, na katika miaka 30 hivi akaitia meli, mizinga, shule na viwanda. Habari hiyo ni ya kweli. Sisi watu wa machimbo tuko na neno letu la kuuliza kila mara tukisikia kwamba inchi fulani imeendelea: kazi ilifanywa na nani, na alilipwa ngapi? Kwa Petro jibu liko, ju ya serikali yake iliandika mambo mingi kwenye karatasi, hata bei ya siku moja ya kazi.

Petro alizaliwa Moscow mwaka wa 1672. Baba yake, mfalme Alexis, alikufa mtoto akiwa hajatimiza miaka 4. Alexis alikuwa ameoa mara mbili, na kila upande wa jamaa ulitaka mtoto wake ashike kiti. Mwaka wa 1682 Petro aliwekwa mfalme akiwa bado mtoto. Palepale askari wa zamani wa Moscow, wenye waliitwa Streltsy, wakaingia katika jumba, wakaua ndugu za mama yake na rafiki zao mbele ya macho yake. Kiisha wakamweka Ivan, ndugu yake wa baba, awe mfalme pamoja naye. Na dada yao mkubwa Sophia njo alitawala inchi.

Petro na mama yake wakaenda kukaa inje ya mji, kwa kijiji cha Preobrazhenskoye. Kule hakuna mtu alimchunga sana. Akacheza vita na vijana wa pale, wengine watoto wa watunza farasi, na mchezo ule ukakuwa vikosi viwili vya askari wa kweli. Akajifunza kazi ya mbao na kazi ya mawe. Akaona mtumbwi wa kizungu wa zamani wenye uliachwa katika gala, akatafuta fundi wa kuutengeneza, na tangu siku ile moyo wake ukashikwa na mambo ya meli. Mwaka wa 1689, akiwa na miaka 17, upande wake ulishinda, Sophia akafungiwa katika nyumba ya masista. Ivan alikufa mwaka wa 1696, Petro akabaki peke yake.

Mwaka wa 1695 alikuwa amejaribu kunyanganya Waturuki ngome ya Azov, akashindwa ju ya kukosa meli. Wakati wa baridi akakusanya watu kule Voronezh, wakakata miti na kutengeneza meli, na mwaka wenye ulifuata akachukua Azov. Mambo hayo mawili, kushindwa na kushinda, yalimfundisha kwamba nguvu ya mfalme iko kwa fundi.

Kwa hiyo mwaka wa 1697 alifanya jambo lenye mfalme wa Urusi hakufanya mbele yake. Alitoka kwenda Ulaya kujifunza kazi, akijificha kwa jina la Pyotr Mikhailov. Kujificha kulikuwa kugumu, ju ya alikuwa mtu wa urefu wa mita 2 na zaidi. Kule Zaandam, katika Uholanzi, watu walikusanyika kumwangalia mpaka akakimbia nyuma ya siku chache. Amsterdam akaingia kazini katika kiwanda cha meli cha Kampuni ya Mashariki ya India, akashika shoka na randa zaidi ya miezi 4, akapewa karatasi ya ufundi. Kiisha akapita Uingereza, akakaa Deptford karibu na viwanda vya meli. Nyumba yenye walimkopesha pale aliiacha imeharibika yote na bustani yake, na serikali ya Uingereza njo ililipa. Mamia ya mafundi waliajiriwa kwenda naye Urusi.

Akiwa bado safarini mwaka wa 1698, habari ikafika kwamba Streltsy wameasi tena. Akarudi kwa haraka. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa, nyuma ya kuteswa kwa moto na kwa fimbo. Wakati uleule akaanza kukata ndevu za wakubwa wake kwa mkono wake mwenyewe, na kuwaamuru wavae nguo za Ulaya. Baadaye ikawekwa kodi ya ndevu: mwenye kulipa alipewa kipande cha shaba cha kuonyesha. Mkulima aliachiwa ndevu zake kijijini, ila akiingia mjini alilipa kopek moja kwenye mlango. Mwaka nao ukabadilishwa: tangu 1700 ulianza tarehe 1 ya Januari, ju ya zamani walianza kwa Septemba na kuhesabu tangu kuumbwa kwa dunia.

Watu wengi wanamkumbuka Petro kwa ndevu. Sisi tumkumbuke kwa chuma, na hapa njo maisha yake yanatugusa.

Mwaka wa 1700 alianza vita na Uswidi, ju ya kutafuta njia ya bahari. Kule Narva jeshi lake likapigwa vibaya na mizinga yake yote ikapotea. Na hatari ilikuwa hii: chuma kizuri Urusi ilikuwa inanunua kwa Uswidi, ni kusema kwa adui. Petro akaamuru kengele za makanisa zishushwe ziyeyushwe. Kengele ni shaba na bati, na bati yake inapita ile ya mzinga, kwa hiyo mafundi walipaswa kuongeza shaba ingine. Katika mwaka mmoja walitoa mizinga zaidi ya 200. Lakini kengele zina mwisho. Ilifaa kuchimba.

Milima ya Ural, mbali sana upande wa mashariki wa Moscow, ilikuwa na mawe ya chuma ya hali ya juu, ilikuwa na miti ya kuchoma makala, na ilikuwa na mito ya kuzungusha magurudumu ya kusukuma upepo katika tanuru. Sehemu kubwa ya udongo ule ilikuwa ya Wabashkiri, na tangu 1704 waliasi kwa miaka, ju ya kodi na ju ya udongo wao. Kiwanda cha Nevyansk kilitoa chuma cha kwanza mwisho wa mwaka wa 1701. Mwaka wa 1702 Petro akakitoa kwa mtu mmoja, Nikita Demidov, fundi wa bunduki wa mji wa Tula, mtoto wa mhunzi. Demidov alipaswa kupatia serikali mizinga na risasi kwa bei ya kupatana, na chuma kingine auze mwenyewe.

Kiwanda kikapatikana, watu wakakosa. Nani atatoka kwa shamba lake aende kukata miti katika baridi ya Ural? Serikali ikapata njia ya mkato. Mwaka wa 1703 ikaandika vijiji vizima kwa jina la kiwanda cha Demidov. Mkulima hakuulizwa. Alilala mkulima wa serikali, akaamka mtu wa kiwanda. Kodi yake alilipa kwa jasho: Demidov anahesabu siku zake za kazi, kiisha hesabu inaenda kwa serikali, na mkulima anarudi kwake mikono mitupu.

Mwenye amechoma makala anajua kazi ile. Unakata miti, unaipanga kilima, unaifunika udongo, unawasha, kiisha unachunga mchana na usiku moshi usitoke vibaya, ju ya ukilala kidogo kila kitu kinakuwa majivu. Tanuru la Ural lilikula makala bila kupumzika, ju ya likizimika chuma kinagandia ndani. Kwa hiyo fundi wa tanuru alikuwa mmoja, nyuma yake watu wengi wa shoka, wa makala na wa farasi. Na chuma kikitoka, kilingoja maji ya mvua na barafu kuyeyuka, kipakiwe kwenye mashua za mto Chusovaya, zenye zilivunjika mara kwa mara kwenye mawe. Vijiji vingine vilikuwa mbali. Mtu alitembea siku nyingi kufika kazini, na siku za njia hazikulipwa. Mara ingine aliitwa wakati wa kuvuna.

Chuma kile njo kilimpa Petro ushindi. Mwaka wa 1709, kule Poltava, alivunja jeshi la mfalme wa Uswidi. Vita vilimalizika mwaka wa 1721, na Petro akajiita emperere. Mbele ya hapo, mwaka wa 1703, alikuwa ameanza kujenga mji mpya wa Saint-Petersburg katika matope ya mto Neva, udongo wenye ulitoka mkononi mwa Uswidi. Kwa miaka mingi serikali iliita watu elfu 40 kila mwaka waende kujenga. Wengi walikimbia njiani, maelfu walikufa kwa magonjwa, njaa na baridi. Mwaka wa 1714 ikakatazwa kujenga nyumba za mawe pahali pengine popote pa Urusi, ili mawe na mafundi wote waende kule. Na tangu 1705 kila nyumba 20 zilitoa kijana mmoja kwenda jeshini. Alienda kwa maisha yake yote. Mama alimlilia sawa maiti.

Hatusemi kwamba mtu huyu hakufanya mazuri. Alifungua shule ya hesabu na ya safari za bahari kule Moscow mwaka wa 1701. Alianzisha gazeti la kwanza la Urusi, akarahisisha herufi ili watu wasome, akaacha mpango wa chuo kikubwa cha elimu chenye kilifunguliwa nyuma ya kifo chake. Mwaka wa 1722 akaweka madaraja 14 ya kazi ya serikali, na mtoto wa mtu mdogo akaweza kupanda mpaka kuwa mheshimiwa. Mwafrika mmoja, Abram Hannibal, mwenye aliletwa mtoto kutoka Istanbul, Petro alimsimamia ubatizo, akamtuma Ufaransa kusoma. Akawa injinia na baadaye jenerali, na mjukuu wa mtoto wake ni Pushkin, mshairi mkubwa wa Warusi.

Tena hakuwa mfalme wa kuangalia kazi kwa dirisha. Iko habari yenye Warusi wanapenda kusimulia. Petro alifika siku moja kwenye kiwanda cha chuma cha Müller, si mbali sana na Moscow, akavaa vazi la ngozi, akafua vyuma vya pud 18, ni kusema karibu kilo 300. Kiisha akaenda kwa mwenye kiwanda kuuliza mshahara wake. Müller akahesabu vipande 18 vya zahabu. Petro akakataa, akauliza bei yenye fundi wa kawaida anapata kwa pud moja. Ilikuwa kopek 3. Akapokea kopek zake 54, akaenda sokoni kununua viatu, na alipenda kuvionyesha ju ya ni jasho lake.

Habari hiyo inapendeza. Ila tuiangalie vizuri. Mfalme alilipwa siku ileile, mkononi, bei ya kazi yenye alifanya, na nyuma ya hapo akaenda zake. Mtu wa kijiji chenye kiliandikwa kwa kiwanda hakuwa na hata moja ya mambo hayo.

Mwaka wa 1718 Petro aliamuru kuhesabu wanaume wote wa Urusi, na mwaka wa 1724 kodi ya kichwa ikaanza: kopek 74 kwa kila mwanaume. Mtoto mchanga anahesabiwa, mzee wa kitanda anahesabiwa, na mwenye alikufa nyuma ya hesabu alibaki kwenye karatasi mpaka hesabu ingine, jamaa wakimlipia. Wakulima wa serikali waliongezewa kopek 40. Mwaka uleule wa 1724 serikali ikaandika bei ya siku kwa watu wenye walipangiwa kazi: wakati wa joto kopek 5, na mwenye farasi 10, wakati wa baridi kopek 4, na mwenye farasi 6.

Sasa chukueni kalamu. Jamaa moja ina baba wa nguvu, babu mzee na watoto wanaume wawili wadogo. Vichwa 4, kodi ni kopek 296. Baba bila farasi, kwa kopek 5, atatumika karibu siku 60 za joto, na huo njo wakati wa shamba. Akienda wakati wa baridi ni siku 74. Hatujaweka zile kopek 40 za kila kichwa, wala siku za njia. Na nyuma ya yote hapeleki nyumbani hata kopek moja, ju ya ni kodi tu yenye amelipa.

Kulalamika kwa nani? Kupelekea mfalme barua moja kwa moja ilikatazwa. Wenye walishindwa walikimbia, na Demidov alipenda wakimbizi, ju ya mtu mwenye kujificha hana mdomo wa kudai kitu. Wengine walishika silaha. Astrakhan waliasi mwaka wa 1705, watu wa mto Don pamoja na Bulavin mwaka wa 1707. Wote walipigwa.

Kwa upande wa wakubwa, Petro aliweka sheria nzuri kwa mwenye mali. Mwaka wa 1719 alianzisha biro kubwa ya machimbo, akaruhusu mtu yeyote kutafuta madini pahali popote. Mwenye udongo akipewa sehemu moja kwa 32 ya faida, na mwenye kuficha madini akitishwa kuuawa. Mwaka wa 1721 wenye viwanda wakaruhusiwa kununua vijiji pamoja na watu wake. Demidov alipewa uheshimiwa mwaka wa 1720. Wizi wa wakubwa Petro aliuchukia: Gagarin, gavana wa Siberia, alinyongwa mwaka wa 1721. Menshikov, rafiki yake wa tangu utoto, aliiba pia, lakini alilipishwa faini tu, akabaki kwenye kiti.

Mtu mmoja wa serikali kule Ural, Tatishchev, alijaribu kusimama mbele ya Demidov na kutetea viwanda vya serikali. Demidov akamshitaki kwa mfalme. Petro akamtuma de Gennin, mtu wa machimbo mwenye kusema kweli, kuchunguza, na neno likamwangukia Demidov. Wawili hao, Tatishchev na de Gennin, njo walijenga mji wa Ekaterinburg mwaka wa 1723, kwenye mto Iset, wakafungua na shule za watoto wa watu wa kiwanda.

Nyumbani kwake Petro alikuwa mtu wa hofu. Alexis, mtoto wake wa kwanza, hakupenda njia za baba. Akakimbilia Vienna, kiisha Napoli. Walimrudisha kwa ahadi ya kusamehewa. Mwaka wa 1718 aliteswa, akahukumiwa kufa, akafia gerezani. Petro mwenyewe alikufa mwanzo wa mwaka wa 1725, kwa ugonjwa wa mkojo, akiwa na miaka 52. Hakuandika nani atashika kiti. Kikashikwa na mke wake Catherine, mwanamke mwenye zamani alikuwa mtumishi wa nyumba ya padri wa Kiprotestanti. Mwaka uleule Demidov naye akafa.

Nyuma yao chuma cha Ural kiliendelea kuongezeka, mpaka Urusi ikapita inchi zote, na hata Uingereza ilinunua kwake. Wakubwa wakaona kwamba njia ile ilikuwa nzuri. Lakini mtu wa bure anaficha hasara yake kwa muda mrefu. Kijana mmoja, Ivan Polzunov, mtoto wa askari, alisoma katika shule ya machimbo ya Ekaterinburg. Akatengeneza mashini ya mvuke ya kusukuma upepo wa tanuru kule Barnaul. Alikufa mwaka wa 1766, ikibaki kidogo iwashwe. Mashini ikatumika miezi michache, ikalipa gharama yake, ikaharibika kidogo, kiisha ikaachwa. Nani atasumbuka na mashini, na vijiji viko? Wakati ule Waingereza wenye kulipa watu wao walikuwa wanaweka mashini za mvuke na kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe. Katika miaka michache ya karne ya 19 wakaipita Urusi mbali sana.

Na watu wa viwanda vya Ural hawakusahau. Pugachev alipoasi mwaka wa 1773, wengi walimfuata, na mikono ileile ya kufua mizinga ya mfalme ikamfulia yeye mizinga. Kamba ya kufunga mtu kwa kiwanda na kwa bwana haikukatwa yote mpaka mwaka wa 1861, miaka 136 nyuma ya kifo cha Petro.

Ndugu mfanyakazi, ukisikia mtu anamsifu Petro Mkuu, usibishe: alijua kazi, hakuona haya kushika nyundo, na alijua thamani ya shule. Ila mwambie na ile ingine. Alichukua ufundi wa Uholanzi, akaacha nyuma jambo moja lenye aliliona kule kwa macho yake: fundi wa Amsterdam alipokea mshahara mkononi, na akichoka na bwana wake alimwacha akatafuta mwingine. Siku delege wa sendika anaingia biro kuongea juu ya kazi, aulize mambo yale matatu ya kiwanda cha Müller: bei ya kazi ni ngapi, inafika mkononi siku gani, na mtu yuko huru kwenda zake? Petro aliyadai kwa siku moja, akapata viatu. Mchoma makala wa Nevyansk aliyangoja maisha yake yote.